Jinsi ya Kuihoji Kigonsera Bila Kufika Kigonsera

Kigonsera iko mkoani Ruvuma, kando ya barabara iendayo Mbinga kutoka Songea. Wamisionari Wabenediktini waliofungua misheni hapo mwaka 1899 hawakuwa na njia ya mkato: aliyetaka kujua watu wa Kigonsera wanasema nini ilibidi afike, asalimie, akaribishwe kiti, kisha angoje. Mtaalamu wa leo ateseke hivyo kwa nini? Simu anayo, intaneti anayo, na mfadhili anasubiri ripoti. Mwongozo huu ni wake. Akiufuata hatua kwa hatua atapata majibu elfu moja ya wananchi wa Mbinga na Nyasa bila kiatu chake kushika vumbi, na katika elfu hayo hatapata hata moja la kuliegemea.

Mahitaji

Ofisi yenye kiyoyozi Dar es Salaam. Vijana sita wa kupiga simu, wanaolipwa kwa idadi ya hojaji walizomaliza. Hojaji ya maswali sabini, iliyotungwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa usiku wa kuamkia kazi. Vocha. Na tarehe ya mwisho ambayo imeshapita.

Hatua ya kwanza: Chukua wenye simu, uwaite wananchi

Tafuta orodha ya namba. Usiulize imetoka wapi. Kumbuka kwamba tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, kila laini ina jina la mtu, na jina linakutosha kabisa. Kwamba laini imesajiliwa kwa jina la mama lakini simu iko mfukoni mwa baba, au kwamba kijana mmoja ana laini tatu na bibi yake hana hata moja, hayo ni mambo ya ndani ya familia. Wanawake wa vijijini wana simu chache kuliko wanaume, na wazee chache kuliko vijana. Usijali. Asiye na simu hatakupigia kulalamika kwamba hukumpigia.

Mzee wa kazi hii ni gazeti moja la Marekani, Literary Digest. Mwaka 1936 lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuuliza nani atashinda urais, majina likiyachota zaidi katika vitabu vya namba za simu na orodha za wenye magari. Kadi zaidi ya milioni mbili zikarudi, nalo likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Landon akaambulia majimbo mawili. Wenye simu na magari wakati ule wa dhiki kuu walikuwa na mawazo yao, na waliokosa vyote viwili walikuwa na kura zao. Gazeti lilikufa mwaka 1938. Wewe huna gazeti la kufa, kwa hiyo endelea bila woga.

Hatua ya pili: Piga wakati mtu ana kazi

Saa nne asubuhi inafaa sana, hasa msimu wa kuchuma kahawa, mikono ikiwa imejaa na kikapu kikiwa kiunoni. Unafaa vilevile wakati wa kulima ngoro, yale mashimo ya Wamatengo mlimani, kwa sababu anayelima kwenye mteremko anahitaji mikono miwili na akili yote. Ukitaka uhakika zaidi, piga wakati simu iko dukani inachajiwa. Atapokea mwenye duka. Mwenye duka ni mtu mwenye elimu kidogo, anajibu haraka, na anawajua wateja wake wote. Mhoji yeye.

Kwa wale wa mwambao, Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, piga asubuhi mapema, mvuvi akiwa amelala baada ya usiku wa ziwani. Mtu aliyeamshwa hana maelezo marefu. Atasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka umwachie usingizi wake. Hojaji yako itaisha kwa dakika sita, na kwenye taarifa ya maendeleo utaandika kwamba wahojiwa walitoa ushirikiano mzuri.

Hatua ya tatu: Ruka salamu

Salamu za Ruvuma hula muda, na muda ni salio. Huko mtu huulizwa ameamkaje, watoto wameamkaje, mvua inasemaje, na baada ya hapo ndipo atakaposema lililomleta. Wewe ingia moja kwa moja: "Napiga kutoka Dar es Salaam, namba yako imechaguliwa kwa bahati, naomba kujua kipato cha kaya yako kwa mwezi."

Sasa tazama jinsi sentensi hii ilivyo na nguvu. Hakuna mwenye simu Tanzania ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii". Hakuna ambaye hajapigiwa na sauti tamu ikimweleza kwamba kashinda pesa, atoe tu namba yake ya siri. Mhojiwa wako, akisikia Dar es Salaam, bahati na kipato katika pumzi moja, ameshakujua wewe ni nani. Atakwambia hana kipato. Hana ng'ombe, hana kahawa, hana mtoto anayefanya kazi mjini. Ataiaga simu akiwa maskini kuliko wote katika kata. Ikiwa mradi wako unahitaji umaskini uongezeke, hatua hii peke yake inatosha.

Waliokutangulia wamelipima jambo hili. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, Allyson Holbrook, Melanie Green na Jon Krosnick, walilinganisha watu waliohojiwa kwa simu na waliohojiwa ana kwa ana. Wa simu walikuwa na shaka zaidi, walishirikiana kidogo, walielekea zaidi kutoa majibu ya kumaliza kazi, na walilalamikia zaidi urefu wa mahojiano, ingawa mahojiano yao ndiyo yaliyokwisha upesi. Hao ni Wamarekani, ambao hawajawahi kuambiwa watume ile hela.

Hatua ya nne: Pima moyo kwa namba

Usiulize "mnaendeleaje na bwana shamba?" Swali kama hilo huleta hadithi, na hadithi haiingii kwenye jedwali. Uliza hivi, na salamu ikikuponyoka, ikate upesi:

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu. Wa huko hawajambo?

— Hawajambo mama. Sasa mama, kwa kiwango cha moja hadi tano, ambapo moja ni siridhiki kabisa na tano ni naridhika sana, unaridhika kiasi gani na huduma za ugani katika kata yako?

— Huduma za nini?

— Za ugani, mama. Bwana shamba.

— Aa, bwana shamba. Yule si alihamishwa.

— Kwa hiyo ni moja, mbili, tatu, nne au tano?

— Wewe unapenda ngapi, mwanangu?

— Siruhusiwi kukuchagulia, mama.

— Basi weka tatu. Usije ukagombezwa kazini.

Weka tatu. Kwenye ripoti itasomeka kwamba wananchi wana mtazamo wa wastani kuhusu huduma za ugani. Kwamba bwana shamba hayupo, hilo halina kisanduku chake. Wala hakuna kisanduku cha kuonyesha kwamba ile tatu alipewa kijana wa watu ili asigombezwe, kwa huruma ya mzazi.

Kwa maswali yenye orodha, fanya orodha iwe ndefu. "Tatizo kubwa kijijini kwako ni lipi: maji, barabara, bei ya kahawa, mbolea, zahanati, shule, umeme, au wanyama waharibifu?" Anayesikiliza kwa sikio hukumbuka la mwisho, anayesoma kwenye kioo hushika la kwanza kabla macho hayajafika chini. Jambo hili wataalamu wa mahojiano walishaliona zamani. Kwa hiyo, tatizo ambalo mradi wako umekuja kulitatua liweke mwisho ukipiga simu, na mwanzo ukituma hojaji kwa intaneti. Wananchi wenyewe watakuwa wamelichagua.

Na usihangaike kutafuta mdadisi anayejua Kimatengo, Kingoni au Kinyasa. Bibi asiyeelewa "ustahimilivu wa kaya dhidi ya mabadiliko ya tabianchi" hatakuuliza maana yake kwenye simu. Atasema ndiyo.

Hatua ya tano: Usimwambie nani amekutuma

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Mtu halijibu swali, humjibu aliyeuliza. Uso kwa uso, anakuona: viatu vyako, kitambulisho chako, jinsi unavyopokea maji ya kunywa, jinsi mwenyekiti wa kitongoji anavyokutazama. Kwenye simu hana vyote hivyo, basi inambidi akubuni mwenyewe. Mmoja atakubuni tapeli, na atakuficha mali. Wa pili atakubuni mtu wa mbolea ya ruzuku, na atakuzidishia ekari. Wa tatu atakubuni serikali, na atakusifia kila kitu hadi kalavati.

Wale watafiti wa maoni wa Afrobarometer, ambao utafiti wao kwa Tanzania hufanywa na taasisi ya REPOA na huwafuata watu majumbani, wana swali moja zuri mwishoni mwa mahojiano: unadhani nani ametutuma kukuhoji? Mdadisi ameketi mbele, amejitambulisha, amesema yeye si wa serikali, na bado wapo wengi wanaojibu kwamba ametumwa na serikali. Kama aliyeketi mbele yao ni serikali, sauti isiyo na uso ni nini?

Kwa maswali ya siasa mambo ni matamu zaidi. Mwaka 2018 taasisi ya Twaweza ilichapisha matokeo ya wahojiwa wake wa simu: waliokubali utendaji wa Rais John Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka asilimia 71 mwaka 2017 na asilimia 96 mwaka 2016. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikaitaka taasisi hiyo ijieleze kuhusu kibali cha utafiti, na mkurugenzi wake mtendaji, Aidan Eyakuze, akachukuliwa pasipoti. Habari hizo zilitangazwa, na redio inafika Kigonsera. Msikilizaji yeyote anaweza kupiga hesabu: ikiwa aliyeuliza ametakiwa kujieleza, aliyejibu ajiangalie. Wewe ukipiga mwaka unaofuata kuuliza "je, unamkubali kiongozi fulani?", utapata asilimia za kupendeza.

Hakikisha pia anajibu mbele za watu. Hili halina gharama, kwa kuwa kitochi kina spika kubwa kuliko kioo chake, na simu ngeni kijijini husikilizwa na waliopo wote. Muulize mwanamke kama mumewe humpiga, mume akiwa ameketi hapo kwenye mkeka. Muulize kijana kama anakunywa, baba yake akiwa anamenya mahindi.

Wamatengo wa zamani walikuwa na sengu, ukoo kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza mambo yao mbele ya wazee. Pale mtu alisema akijua nani anamsikia, na kwamba kesho watakutana naye njiani. Kwenye spika ya simu, anamjua baba yake aliye kando, wewe hakujui, na kesho atakutana na baba. Utajibiwa wewe au baba?

Hatua ya sita: Dai mwaka mzima kwa dakika moja

Uliza: "Katika msimu uliopita, ulifanya kazi saa ngapi kwenye kila shamba lako?" Mkulima hana daftari la saa. Hukisia, na hukisia kwa msimu wenye jasho zaidi kichwani mwake.

Ubora wa hatua hii ulithibitishwa mkoani Mara mwaka 2014. Vellore Arthi, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Amparo Palacios-López waligawa kaya za wakulima makundi: baadhi waliulizwa kila wiki, wengine waliulizwa mara moja baada ya mavuno. Walioulizwa baada ya mavuno walitaja saa za kazi kwa kila mtu na kila shamba ambazo zilifika hata mara nne ya walizotaja walioulizwa kila wiki. Papo hapo walisahau baadhi ya mashamba na baadhi ya watu waliolima, kwa hiyo jumla ya kaya ikarudi kukaribiana. Makosa mawili yakafutana, na ripoti ikapendeza.

Miaka michache kabla, 2007 na 2008, Beegle na De Weerdt na wenzao walikuwa wameshajaribu hojaji za aina nane juu ya matumizi ya kaya, katika kaya zipatazo 4,000 za wilaya saba nchini. Nchi ileile, chakula kilekile. Aina ya hojaji ilipobadilika, idadi ya maskini na ya wenye njaa ikabadilika nayo. Kwa hiyo ukitaka kupunguza njaa Mbinga na huna mahindi, badilisha hojaji.

Hatua ya saba: Maliza kazi kwa linki

Simu ikikushinda, tuma linki kwenye grupu la WhatsApp la wahitimu, la kwaya au la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Andika: "Jaza na ushinde vocha." Wenye simu janja na bando watajaza. Wenye vocha chache watajaza mara mbili. Mmoja atajaza kwa niaba ya ukoo. Utapata majibu kutoka Kigonsera, na kutoka kwa mzaliwa wa Kigonsera aliyeko Dubai, na kutoka kwa mtu aliyewahi kupita Kigonsera na basi.

Mtandaoni hakuna hata wa kumbuni. Mhojiwa yuko peke yake na visanduku, na mbele ya kisanduku mtu anaweza kuwa chochote. Mwaka 2022 Pew Research Center ya Marekani iliuliza, katika hojaji ya mtandaoni ya watu waliojiandikisha wenyewe, kama mhojiwa ana leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia. Kati ya walio chini ya miaka 30, asilimia 12 walisema wanayo. Ziwa Nyasa lina kina kinachofika mita 700 hivi. Nyambizi zinaweza kutosha. Linki yako ikitumwa Mbamba Bay kwa vocha, usishangae bandari ile ikawa na manahodha wa nyambizi wengi kuliko wavuvi wa dagaa.

Akikubishia mtu kuhusu ubora, mtajie wingi. Usimwambie yaliyotokea Marekani mwaka 2021: utafiti uliofanywa kupitia Facebook ulipata majibu kama 250,000 kila wiki kuhusu chanjo ya Uviko, na bado mwezi Mei ulizidisha waliochanjwa kwa pointi 17 za asilimia, wakati utafiti mwingine wa watu kama elfu moja kwa wiki, waliochaguliwa kwa uangalifu, ulikuwa karibu na ukweli. Takwimu hiyo iweke mbali na mfadhili.

Ipo hatari moja ya intaneti ambayo lazima uijue. Kwa baadhi ya maswali, watu husema kweli. Frauke Kreuter na wenzake, mwaka 2008, waliwauliza wahitimu wa Chuo Kikuu cha Maryland kuhusu alama zao, wakalinganisha na kumbukumbu za chuo. Waliojaza kwa intaneti walikiri alama mbaya zaidi kuliko walioulizwa kwa simu na binadamu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwonea haya. Ukiruhusu jambo hilo, unaweza kujikuta umejifunza kitu.

Makosa ya kuepuka

Wapo walioiharibu kazi hii kwa kuifanya vizuri. Twaweza ilipoanzisha utafiti wake wa simu, Sauti za Wananchi, haikuanza na simu. Mwishoni mwa mwaka 2012 ilizifuata kaya 2,000 za Tanzania Bara nyumbani kwao, ikazichagua kwa bahati nasibu, ikazihoji ana kwa ana, ikazigawia simu na chaja za sola. Ndipo mwaka 2013 ikaanza kupiga. Asiye na simu akawa nayo. Asiye na umeme akawa na chaji. Na aliyepigiwa alikuwa anamjua anayepiga. Gharama yote hiyo, ili mtu asilazimike kumbuni mwulizaji!

Hata wale wa Mara wana hatia. Sehemu ya wakulima wao waliulizwa kila wiki kwa simu, na majibu yao yalikaribiana na ya wale waliotembelewa kila wiki. Maana yake simu haina kosa lolote, ikitumiwa na mtu anayejulikana, kwa swali fupi, juu ya jambo ambalo bado liko kichwani. Ukisikia mtu anasema hivyo kwenye mkutano, mwite akanywe chai.

Hatua ya mwisho: Chapisha kwa desimali

Usiandike "karibu nusu". Andika asilimia 48.37. Desimali mbili huondoa maswali mengi. Usiandike ulipiga simu ngapi na ngapi hazikupokelewa, nani aliyepokea, saa ngapi, kwa lugha gani, wala nani aliyelipa. Jalada liwe na picha ya mwanamke anayetabasamu shambani. Si lazima awe wa Mbinga.

Neno kwa wa upande wa pili wa simu

Mwongozo umekwisha. Lililobaki ni la wewe utakayepigiwa kesho ukiwa shambani. Una haki ya kumuuliza mpigaji jina lake, taasisi yake, aliyemtuma, na majibu yako yatasomwa na nani. Una haki ya kumwambia apige jioni. Una haki ya kusema "sijui", na "sijui" ni jibu kamili linalopaswa kuwa na kisanduku chake. Ukitakiwa kutoa namba ya siri, kata.

Na wewe uliyetumwa kupiga, andika kwenye ripoti jinsi ulivyouliza, kwa herufi kubwa sawasawa na ulivyoandika matokeo. Namba zako zitaamua mbolea iende wapi na zahanati ijengwe wapi, na watakaokosa ni walewale waliokupa tatu ili usigombezwe. Angalau mara moja kabla ya kupiga, panda basi la Mbinga, ushuke Kigonsera, usalimie.